Shule Zetu na Maswali ya Watoto

Kila mmoja wenu aliyelea mtoto ajua ya kuwa mtoto wa miaka minne au mitano hachoki kuuliza. Auliza kwa nini mwezi wamfuata aendapo. Auliza ng'ombe alalapo huota nini. Auliza Mto Mara watoka wapi, na maji yake yaenda wapi. Mama huchoka kujibu, naye mtoto bado yuauliza. Basi mtazameni mtoto huyo huyo baada ya miaka saba ya shule. Ukimwuliza neno, atasimama wima, mikono nyuma, na kukutajia lililoandikwa ubaoni. Yeye mwenyewe hana la kuuliza.

Nimefundisha watoto wa namna hiyo miaka zaidi ya kumi katika vijiji vya Tarime na Serengeti, wala siwezi kusema ya kuwa Mungu amewaumba hivyo. Maswali yao yamepotea njiani, na njia hiyo tumeitengeneza sisi wakubwa. Katika insha hii nataka kuifuata historia ya shule zetu, ili tujue yalipotea wapi.

Yanipasa kuanza na kosa langu mwenyewe. Siku moja, katika shule iliyo karibu na mpaka wa hifadhi ya Serengeti, nilikuwa nikifundisha darasa la tano habari za majira ya mvua na kiangazi. Mvulana mmoja, mchungaji wa mbuzi za baba yake, akanyosha mkono akasema, "Mwalimu, nyumbu wajuaje ya kuwa mvua imenyesha ng'ambo ya mto, nao hawajafika huko?" Nami nilikuwa na mada nyingi za kumaliza kabla ya mtihani. Nikamjibu, "Hilo halimo katika mtihani. Keti." Wenzake wakacheka, naye akaketi. Mwaka ule wote hakunyosha mkono tena.

Baadaye nilisoma ya kuwa Profesa Bernhard Grzimek wa mji wa Frankfurt, Ujerumani, alikuja Serengeti pamoja na mwanawe Michael katika miaka ya 1958 na 1959, wakaruka kwa eropleni ndogo ili kuwahesabu wanyama na kuzifuata njia zao. Michael alikufa katika kazi hiyo mwezi wa Januari 1959, eropleni yake ilipoanguka. Tangu miaka ya 1960 wataalamu wa mataifa mengi wamekaa Seronera wakichunguza jinsi nyumbu zaidi ya milioni moja wafuatavyo mvua na majani mapya, wakauvuka Mto Mara na kurudi. Basi, jambo lililomtoa mtu Ulaya, hata mwanawe akafa, mimi nililizima kwa maneno matano.

Mafunzo ya wazee

Kabla ya shule kuja, Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na jirani zao hawakukaa bila mafunzo. Mtoto mchungaji alijifunza kwa kutazama. Alimjua kila ng'ombe kwa rangi yake na pembe zake. Alijua mti wa dawa na mti wa sumu. Aliziona nyayo akajua ni mnyama gani aliyepita, na alipita lini. Asipojua aliwauliza wakubwa wake malishoni, na jibu lilikuwapo pale pale mbele ya macho yake.

Jioni watoto walikaa kwa bibi wakategana vitendawili. Na kitendawili ni nini kama si swali? Hapo mtoto ndiye aliyeuliza, na mkubwa alipaswa kufikiri. Habari za kale nazo zilihesabiwa kwa majina ya marika na vizazi, kama Abasaai, Abachuma na Abamaina. Mtoto aliyeuliza jina la kizazi cha babu yake alipewa pamoja na jina hilo habari za njaa, za vita, na za mahame ambako watu walitoka.

Walakini tusiwasifu wazee kupita kiasi. Kulikuwa na maswali yaliyofungwa. Mtoto aliweza kuuliza kitu hiki ni nini, na hufanywaje. Hakuweza kuuliza kwa nini mila ni hivi wala si vingine. Hasa binti hakuuliza habari ya kukeketwa kwake, wala ya mume aliyechaguliwa, wala ya ng'ombe waliopokewa kwa ajili yake. Jambo hilo nitalirudia.

Shule za kwanza

Katika nchi ya Mara mapadre wa White Fathers walifungua misheni ya Nyegina mwaka 1911. Waadventista nao walikuja wakati wa Wadachi. Wamenoni walifika Shirati mwaka 1934, mahali palipokuwa katika wilaya ya Tarime hata ilipoanzishwa wilaya ya Rorya mwaka 2007. Popote misheni ilipofika, darasa lilifuata, mara nyingi chini ya mti au katika kibanda cha nyasi, na mwalimu alikuwa kijana aliyewatangulia wanafunzi wake hatua chache tu. Twawashukuru watu hao. Wametufungulia mlango wa kusoma, na asingelikuwa mwalimu wa namna hiyo, wala mimi nisingeandika, wala wewe usingesoma.

Lakini yapasa kusema kweli. Katika madarasa yale swali lilitoka kitabuni, na jibu lake lilitoka kitabuni. Watoto waliyakariri yote mawili kwa sauti moja, na aliyekariri bila kukosa alihesabiwa kuwa mwenye akili. Serikali nayo, ya Wadachi na kisha ya Waingereza, ilihitaji makarani, wakalimani na waalimu. Karani husifiwa kwa kuandika sawasawa aliyoambiwa. Hasifiwi kwa kuuliza kwa nini ameambiwa. Ndiyo maana mtoto mwenye maswali mengi hakuwa na faida katika shule ile. Alichelewesha somo.

Wengine waliliona kosa mapema. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika ya Mashariki, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Dr. Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, nchi ambayo sasa yaitwa Ghana. Tume ilisema ya kuwa shule zilikuwa za vitabu mno, wala hazikuhusu maisha ya kijiji, yaani kilimo, afya na nyumba. Huko Malangali, katika nchi ya Iringa, Bwana Mumford alijaribu kuendesha shule ambayo wazee waliingia kufundisha mila, na vijana walijifunza kutupa mikuki na kucheza ngoma za kwao. Jaribio hilo halikudumu. Na katika nchi nyingi za Afrika wazazi walishuku mafunzo ya jembe shuleni, maana jembe walikuwa nalo nyumbani. Walitaka mtoto apate karatasi, kwa kuwa waliona ya kuwa mwenye karatasi ndiye alipwaye mshahara. Hawakuwa wajinga. Aidha, elimu ile mpya nayo ilikuwa imekwisha kukatwa na wakubwa kabla mtoto hajafika: walibadili mambo atakayoambiwa, hawakumpa nafasi ya kuuliza.

Mtoto wa Butiama

Sasa nataka kusema habari za mtoto mmoja wa nchi yetu. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, naye alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Husimuliwa ya kuwa Mtemi Makongoro wa Ikizu alimwona akicheza bao na watu wazima, akastaajabia akili yake, ndipo akamshauri baba yake, Mtemi Burito, ampeleke shule. Yaani akili yake ilionekana kwanza mchezoni, kabla ya kushika kalamu. Kisha alikwenda Tabora na Makerere, akawa mwalimu, akawa kiongozi wa nchi, na hata alipokuwa Rais watu walimwita Mwalimu.

Mwezi wa Machi 1967 aliandika kijitabu kiitwacho Elimu ya Kujitegemea. Humo alieleza ya kuwa wakati wa uhuru, mwaka 1961, watoto wa shule za msingi walikuwa kama 490,000, na mwaka 1967 wamefikia kama 825,000. Lakini katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, 13 tu ndio waliopata nafasi ya kuendelea. Wengine wote walirudi kijijini wakijiona wameshindwa, kwa kuwa shule ilikuwa imewatayarisha kwa safari ambayo hawakuipata. Tena alilaumu fikira ya kwamba maarifa yote ya maana hutoka vitabuni au kwa watu waliosoma, hata mtoto akamdharau baba yake ajuaye udongo na majira.

Mwalimu alitaja mambo matatu ambayo elimu inapaswa kuyakuza kwa kila mwananchi: akili yenye kuuliza na kuchunguza, uwezo wa kujifunza kwa wengine, kulikubali jambo, kulikataa au kulirekebisha, na kujiamini. Tazameni, ndugu zangu: la kwanza kabisa ni akili yenye kuuliza. Wengi wetu tukisikia Elimu ya Kujitegemea twakumbuka jembe. Yeye alianza na swali.

Na hilo shamba la shule, alilitaka liwe mahali pa kujifunzia. Watoto washiriki kuamua yatakayolimwa, waone kazi ya mbolea na mipaka yake, wajaribu, wakosee, na wajue sababu ya kukosea. Lakini katika shule nyingi mambo yalikwenda vingine. Mtoto alipewa jembe na mstari wa kulima, na aliyechelewa asubuhi aliongezewa mstari. Shamba likawa adhabu. Hakuna aliyeuliza kwa nini mahindi ya upande huu yamenyauka na ya upande ule yamestawi. Na swali hilo lingeweza kuwa somo la mwezi mzima.

Azimio la Musoma

Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mjini mwetu. Hapo ndipo lilipotoka Azimio la Musoma, ya kwamba watoto wote wa umri wa shule waandikishwe ifikapo Novemba 1977. Hapo kwanza jambo hilo lilikuwa limepangiwa mwaka 1989. Kazi ilikuwa kubwa, nayo ilifanywa. Watoto wa shule za msingi walikuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974. Mwaka 1980 walizidi milioni 3. Vijiji vilifyatua matofali, vikajenga madarasa. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kuwa waalimu, wakijifunza ualimu huku wakifundisha. Maelfu ya nyumba ambazo hazijapata kuwa na msomaji zilimpata.

Sitaki mtu adhani ya kuwa nalilaumu Azimio. Mtoto asiyeingia darasani kabisa hana wa kumjibu maswali ya kitabu. Nasema tu gharama yake. Mwalimu kijana, watoto wengi mbele yake, kitabu kimoja mkononi, atafanyaje? Ataandika ubaoni, nao watanakili. Watoto wengi wakiuliza kwa zamu, somo halitakwisha. Basi kimya kikawa ndiyo nidhamu, na mwalimu ambaye darasa lake halisikiki akasifiwa. Ada zilipofutwa tena mwaka 2016, hata kidato cha nne, madarasa yalifurika vile vile, na dawa ikawa ile ile ya ubao na kunakili.

Lugha, mtihani na fimbo

Kuna mambo matatu mengine yaliyolitia swali la mtoto kufuli.

La kwanza ni lugha. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, nami nalisifu jambo hilo. Lakini mtoto wa kijiji cha Tarime huingia darasa la kwanza akisema Kikurya au Kijaluo, na wa Serengeti Kingoreme au Kiikoma. Alikuwa na maswali mia katika lugha ya mama yake. Katika Kiswahili ana maneno ya salamu tu. Akisha kukipata Kiswahili, na maswali yameanza kurudi, aingia kidato cha kwanza, akutana na Kiingereza. Mara ya pili kinywa chake chafungwa. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilishauri mwaka 1982 ya kuwa sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili, lakini shauri hilo halikufuatwa. Kujibu kwa lugha usiyoijua vema huwezekana, maana jibu laweza kukaririwa. Kuuliza kwa lugha hiyo ni kazi ngumu mno, kwani swali hutungwa na mwulizaji mwenyewe.

La pili ni mtihani. Shule hupimwa kwa idadi ya waliofaulu, na mwalimu hupimwa kwa hiyo hiyo. Basi kila lisilo la mtihani huonekana kupoteza wakati. Mwaka 2012 nchi nzima ilisikia ya kuwa wamo watoto walioufaulu mtihani wa darasa la saba, wakaingia kidato cha kwanza, nao hawajui kusoma wala kuandika. Haya si ajabu sana. Maswali yalikuwa ya kuchagua herufi, na mkono uwezao kuweka alama huweza kubahatisha.

La tatu ni fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zasema ya kuwa adhabu ya viboko yaweza kutolewa na mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa idhini, nayo isizidi viboko 4, tena iandikwe katika kitabu. Sisi waalimu twajua wenyewe jinsi kanuni hizo zinavyofuatwa. Mtoto apigwaye kwa kukosa jibu hujifunza haraka ya kuwa ni salama zaidi kutoonekana. Na aulizaye huonekana.

Swali la wasichana

Nilisema nitalirudia jambo la mabinti. Ingawa nimezilaumu shule, kuna maswali ambayo shule ndiyo iliyoyafungua. Sheria ya mwaka 1998 imekataza kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18. Hata hivyo, katika miaka ya tohara, mwezi wa Desemba, wasichana wa Tarime na Serengeti huikimbia desturi hiyo, nao hupokewa katika nyumba salama, kama za Masanga na Mugumu. Wengine hufika usiku, miguu mitupu. Katika hao wako waliosikia darasani au kanisani ya kuwa mwili wao ni wao, wakarudi nyumbani wakauliza, "Kwa nini?" Swali hilo bibi zao hawakuweza kulisema. Msichana aliyezoezwa miaka saba kunyamaza na kutii atalipata wapi neno hilo siku ya shida? Ndiyo maana nasema ya kuwa udadisi wa mtoto si pambo la darasa. Kwa wengine ni wokovu wa mwili na maisha.

Yatupasayo kufanya

Mwaka jana nilikutana na yule mvulana wa nyumbu. Sasa ni mtu mzima, yuaendesha pikipiki ya abiria Mugumu. Nikamkumbusha swali lake, nikamwomba radhi. Akacheka kwa adabu akasema, "Mwalimu, mimi sikumbuki kama niliuliza kitu." Neno hilo lilinichoma kuliko kama angalinilaumu.

Basi, ndugu zangu, hatuwezi sisi wa vijijini kubadili mitihani ya nchi wala kuongeza madarasa kwa siku moja. Lakini yako tunayoyaweza. Mzazi, mtoto akikuuliza jikoni au shambani, usimfukuze kwa neno "Nyamaza". Ukijua, mjibu, usipojua, sema, "Sijui, tumwulize fulani." Mwalimu mwenzangu, mwisho wa kila somo acha dakika tano za maswali ya watoto, hata swali likiwa nje ya mtihani, na waruhusu wadogo waulize kwanza kwa lugha ya nyumbani, mwenzao afasiri. Jibu usilolijua, liandike, ulete kesho. Hakuna mtoto aliyemdharau mwalimu kwa kutimiza ahadi hiyo.

Kisha wapelekeni watoto kwa wazee. Mwanahistoria Jan Bender Shetler alikuja Mara katika miaka ya 1990, akawauliza wazee habari za mahame, marika na vilima vya Serengeti, na maneno yao yamechapwa vitabuni ng'ambo ya bahari. Watoto wetu wakaa nyumba moja na wazee hao, wala hawajatumwa kuwauliza neno. Kila darasa laweza kwenda na madaftari, likaandika jina la kila mto na kilima cha kijiji, na sababu ya jina hilo. Kazi hiyo haina ada.

Na sisi Wakristo tukumbuke ya kuwa Bwana wetu, alipokuwa na umri wa miaka 12, alionekana hekaluni katikati ya waalimu, naye aliwauliza maswali. Waalimu wale walistaajabu. Hawakumwambia aketi.